Kilifi Ilishasema, Nairobi Haijasikia

Wizara ya Afya haiwezi tena kujitetea kwamba haikujua. Ushahidi uliokusanywa hapahapa nchini, kutoka puani mwa Wakenya, katika msimu wa 2009 na 2010, ulionyesha ni nani anayemletea mtoto mchanga wa Pwani virusi vinavyombana kifua. Tangu 2017 imejulikana pia jinsi virusi hivyo vinavyobadilika vikishaingia nyumbani. Tangu 2023 ipo chanjo ya kumkinga mtoto huyo kabla hajazaliwa. Hata hivyo, ratiba ya chanjo ya taifa ya 2025 haikuwa na nafasi ya chanjo hiyo. Huo ni uzembe, na hatuna neno la upole zaidi.

Virusi vyenyewe ni RSV. Mtu mzima akivipata hupiga chafya siku mbili tatu, akanywa chai ya tangawizi na kuendelea na shughuli zake. Mtoto wa miezi miwili hana bahati hiyo. Vijia vyake vyembamba vya hewa huvimba na kujaa makamasi, mbavu zikaanza kubonyea kila anapovuta pumzi, akaliacha titi kwa sababu hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 yalisema kwamba mwaka 2019 RSV ilihusika na vifo vya watoto 101,400 wa chini ya miaka mitano duniani. Karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi sita. Zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati, yaani nchi kama yetu.

Twende Kilifi, huko Pwani, kwa kuwa kesi hii inaanzia huko. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao kituo chao kipo mjini humo tangu 1989, walichagua kaya zenye mtoto aliyezaliwa baada ya msimu uliotangulia wa RSV na angalau ndugu mmoja mkubwa kumliko. Kila baada ya siku tatu au nne walipita boma kwa boma wakiwa na vijiti vyenye pamba, wakampima puani kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, hadi mtoto wa mgongoni. Hawakuuliza kwanza nani anaumwa. Mzima alipimwa sawa na anayekohoa. Uchambuzi wa kaya 44 kati ya hizo ulikuwa na sampuli 15,396 kutoka kwa watu 451. Yeyote aliyewahi kumshika mtoto wa miaka mitatu ili apimwe puani anajua wazazi wale walivumilia nini msimu mzima.

Walichovumilia kilizaa jibu. RSV ilipatikana katika kaya 37 kati ya 44. Watoto wachanga 28 waliambukizwa, na 15 kati yao waliambukizwa na mtu wa nyumbani mwao wenyewe. Katika visa 11 kati ya hivyo 15, aliyetangulia kuwa na virusi alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba hiyohiyo, na kumi kati ya watoto hao 11 walikuwa wanaenda shule. Hesabu ni ndogo na haidai kuwa sensa ya taifa. Lakini mkondo wake unaonekana: shule, kaka au dada, mkeka mmoja wa kulalia, kisha mtoto mchanga.

Kuna la kutia wasiwasi zaidi. Katika ufuatiliaji huohuo, kati ya maambukizi 205 yaliyonaswa, 86 hayakuwa na dalili yoyote. Hiyo ni asilimia 42. Mwanafunzi anarudi jioni bila kikohozi wala kamasi, anambeba mdogo wake, anambusu, na kazi imekwisha. Ushauri wa kumtenga mgonjwa na mtoto mchanga ni mzuri, ila unadhani mgonjwa anajulikana. Kunawa mikono tunakuunga mkono kwa moyo wote, na tungependa pia kuona maji kwenye mifereji ya vijiji hivyo. Lakini mama hawezi kumlinda mtoto wake na mtu asiyejijua kuwa anaumwa, na serikali isiyosoma matokeo haya huendelea kumwachia mama huyo mzigo ambao si wake peke yake.

Hapa ndipo suala la jenomu linapoingia, na ndipo maafisa wetu hupoteza hamu.

RSV hubeba maagizo yake, yaani jenomu, katika uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 15,200. Kwa miaka mingi maabara nyingi zilisoma kipande kidogo tu cha uzi huo, jeni iitwayo G, kwa sababu ndicho kinachobadilika upesi na gharama yake ni nafuu. Mtafiti Charles Agoti na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walichukua virusi 131 vya kundi A, mojawapo ya makundi mawili ya RSV, kutoka kaya tisa za ufuatiliaji ule wa Kilifi, zote zikiwa ndani ya eneo la kilomita za mraba 12, wakasoma uzi mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Virus Evolution. Kwa mbali virusi vyote vilifanana: vilikuwa vya nasaba ya GA2, na vyote vilikaa kwenye tawi moja la mti wa ukoo wa RSV duniani. Kwa karibu, mambo yalikuwa mengine. Kaya saba kati ya tisa zilikuwa na virusi vyenye alama zake za pekee, herufi zilizobadilika kwa namna isiyoonekana kwa jirani. Waliposoma jeni G peke yake, ni kaya moja tu iliyoonyesha alama ya aina hiyo.

Saba, na moja. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tahariri hii. Nchi inayosoma kipande ingesema kwamba kijiji kizima kina kirusi kimoja kisichotofautishika, kwamba haiwezekani kujua nani alimwambukiza nani, na kwa hiyo hakuna la kufanya. Nchi iliyosoma uzi mzima iliweza, kwa kulinganisha alama hizo na tarehe za sampuli, kuufuata sehemu ya mnyororo wa maambukizi ndani ya nyumba, mtu hadi mtu. Hata virusi kutoka kwa mtu mmoja aliyepimwa tena na tena vilionyesha herufi zilizobadilika kati ya kipimo na kipimo. Kwa kadirio la watafiti hao, ambalo lenyewe lina mwanya mpana juu na chini, virusi hivyo hubadilika kiasi cha herufi 2.3 katika kila elfu moja kwa mwaka. Piga hesabu kwa uzi wa herufi 15,200, utapata kama herufi 35 kwa mwaka, karibu tatu kila mwezi. Ndiyo maana msimu mmoja unatosha kwa nyumba mbili za jirani kuwa na virusi vinavyotambulika mbalimbali.

Na hitimisho lao? Kwamba katika kaya nyingi kirusi huingia kikiwa cha aina moja, kisha huanza kujikusanyia mabadiliko humohumo ndani. Asiyekuwa mtaalamu anaweza kuliona hilo kuwa jambo la maabara tu. Silo. Kama nyumba ingekuwa inavamiwa kila siku kutoka kila upande, kuzuia kungekuwa kazi bure. Lakini kama aghlabu mlipuko wa nyumba nzima huanzia kwenye uingiaji mmoja, basi kuuzuia huo mmoja ni kuwaokoa wote waliomo, na kumkinga aliye dhaifu kuliko wote ni jambo linalowezekana. Watafiti wenyewe waliuacha mlango wa swali hilo wazi: je, kuwachanja wale wanaoeneza kunaweza kupunguza maambukizi hadi nje ya nyumba? Swali hilo lilihitaji mtu wa wizara aliyekaa kitini mwake kulichukua. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini inaonekana macho yalikuwa kwingine.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya 2010, na virusi vya leo si vile. Ni kweli, tena hoja hiyo inawahukumu wao. Kabla hata sampuli zile hazijasomwa zote, kirusi kingine kilikuwa kimeshafika. Nasaba ya ON1, yenye herufi 72 za jeni G zilizojirudia, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Ontario, Kanada, katika sampuli za 2010. Hatusemi ilizaliwa huko. Kuwa wa kwanza kuona si kuwa chanzo, na Waafrika tunajua bei ya kuonekana wa kwanza, kama Afrika Kusini ilivyofungiwa safari za ndege Novemba 2021 kwa kosa la kuitangazia dunia Omicron mapema. Kufikia 2012, ON1 ilikuwa kwa watoto wa Kilifi. Ilipiga mawimbi mawili mwaka huo, na usomaji wa jeni ulionyesha kwamba iliingia zaidi ya mara moja, ikiwa na sura tofauti tofauti. Tunajua hayo kwa sababu palikuwa na watu waliokuwa wakiangalia. Je, kaunti ambazo hazina kituo cha utafiti cha kimataifa mlangoni, zinajua nini kuhusu virusi vya watoto wao?

Kwa wanaodhani kuangalia ni anasa, tuna kisa kimoja, nacho ni cha fedheha kwa watu wenye pesa nyingi kutuliko. Kampuni ya Regeneron ya Marekani ilitengeneza kingamwili iitwayo suptavumab ili kuwakinga watoto waliozaliwa kabla ya wakati dhidi ya RSV. Ilishika sehemu ya protini F, ile ambayo kirusi hutumia kuingia kwenye seli, ambayo kwa kawaida hubadilika polepole na ambayo kila mtu aliiamini kuwa shabaha isiyohama. Jaribio kubwa la mwisho likashindwa, na mwaka 2017, mwaka uleule uliochapishwa utafiti wa Kilifi, kampuni ikaachana nayo. Virusi vilipochunguzwa, ikaonekana kwamba RSV ya kundi B iliyokuwa ikisambaa wakati huo ilikuwa na mabadiliko mawili tu mahali hasa ambapo kingamwili ilipaswa kushika. Mawili. Dawa ilikuwa nzuri kwa kirusi cha jana.

Kisa hicho kinakata pande zote mbili. Kinamfunga mdomo anayesema chanjo na dawa zikishanunuliwa hakuna haja ya kufuatilia jenomu. Kinamfunga pia anayesema kwamba kwa kuwa virusi hubadilika, hakuna faida kununua. Protini F bado ndiyo shabaha bora tuliyonayo, na kinga zinazotumika leo zimejengwa juu yake. Kinachotakiwa ni kuitumia huku mtu akiwa macho.

Sasa tuangalie kinachotendeka kwenye zahanati. Mama anafika na mtoto anayehema mbiombio. Muuguzi, kama saa yake ina mkono wa sekunde, anahesabu pumzi: 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi asitimize mwaka. Mwongozo unasema nimonia. Mtoto mkubwa kidogo anapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyushwa majini, mdogo zaidi anapewa rufaa. Hatumlaumu muuguzi huyo hata kidogo. Anafuata mwongozo uliookoa watoto wengi, na mahali pasipo na kipimo, kumpa dawa mtoto anayeweza kuwa na bakteria ni uamuzi wa busara. Lakini amoksilini haigusi RSV. Anachohitaji mtoto aliyebanwa na RSV ni oksijeni, maji mwilini na mtu wa kumwangalia usiku kucha, na zahanati nyingi za vijijini hufungwa jioni. Kwenye rejista anaandikwa nimonia, na hapo kirusi kinatoweka katika hesabu za taifa. Waziri akisimama Bungeni na takwimu za nimonia, RSV imejificha ndani yake bila jina.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba usomaji wa jenomu si mchezo wa wasomi. Corona ilipoingia Kenya Machi 2020, maabara ya Kilifi, iliyokuwa imejinoa miaka mingi kwa RSV, ndiyo iliyosoma virusi kutoka kaunti zote sita za Pwani, kuanzia Kwale hadi Lamu, na kuonyesha kwamba corona iliingia mara nyingi kutoka sehemu mbalimbali. Viongozi walisimama mbele ya kamera wakajivunia kazi hiyo. Kujivunia ni rahisi. Nani alilipa? Kwa sehemu kubwa, wafadhili wa nje. Vimiminika vya maabara, mashine, mishahara ya vijana wenye shahada za juu wanaojua kusoma uzi huo, vyote vinategemea ruzuku zenye tarehe ya mwisho. Ruzuku ikikatika, na mwaka 2025 tuliona jinsi fedha za Marekani zinavyoweza kukatwa kwa sahihi moja, macho ya taifa yanafumbwa.

Wala si kwamba sheria haipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia mbili ya pato la taifa itengewe utafiti. Hazina haijawahi kutoa kiasi hicho. Azimio la Abuja la 2001, ambalo Kenya ililitia sahihi, liliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nayo bado ni ahadi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 53 kinamtaja mtoto peke yake na haki yake ya matibabu. Tunayo makaratasi ya kutosha kufunikia paa la zahanati.

Chanjo yenyewe je? Dunia iliisubiri muda mrefu, na kwa sababu nzito. Jaribio la kwanza, Marekani katika miaka ya 1960, liliishia kwa msiba: watoto waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipokutana na RSV, na wawili wakafa. Ilichukua hadi 2013 kwa wanasayansi kulijua vyema umbo la protini F kabla haijaunganisha kirusi na seli, na juu ya ujuzi huo ikajengwa chanjo ya mama mjamzito iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2023. Katika jaribio lililofanyika katika nchi 18, ilizuia asilimia 81.8 ya ugonjwa mkali wa RSV kwa watoto katika siku 90 za kwanza za maisha, na asilimia 69.4 katika siku 180. Mama anadungwa sindano moja, mwili wake unatengeneza kingamwili, na mtoto anazaliwa nazo. Kaka arudi kutoka shule na chochote alicho nacho puani, atamkuta mdogo wake ameshajikinga.

Wataalamu washauri wa Shirika la Afya Duniani waliipendekeza chanjo hiyo Septemba 2024, sindano moja kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito. Machi 2025 shirika hilo likaihakiki ili iweze kununuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, iliiweka kinga ya RSV katika mpango wake wa uwekezaji tangu 2018. Kwa hiyo nchi yetu ilikuwa na miaka ya kujiandaa.

Tunajua majibu yatakayoletwa. La kwanza ni bei. Nchini Marekani dozi moja ilianza kuuzwa karibu dola 295, na kingamwili ya nirsevimab, anayodungwa mtoto mwenyewe, dola 495. Hizo si bei za Kenya na hatumwombi mtu azilipe. Bei ya nchi zinazoendelea hujadiliwa, na anayefika mezani mapema na takwimu zake mkononi ndiye anayesikilizwa. Kenya ina takwimu za RSV ambazo nchi nyingi za Afrika hazina. Kuzikalia bila kuzitumia mezani ni sawa na mvuvi kuuza ngalawa akaenda kuomba kitoweo.

La pili ni usalama, na hilo tunalipa heshima yake. Mwaka 2022 kampuni ya GSK ilisimamisha chanjo yake ya aina hiyo kwa sababu akina mama waliochanjwa walijifungua kabla ya wakati kwa wingi zaidi, hasa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata kwa hii iliyoidhinishwa, wadhibiti waliangalia suala hilo kwa makini. Marekani ikaamua kuitoa kati ya wiki ya 32 na 36 pekee. Shirika la Afya Duniani lilipima faida na hatari kwa nchi zetu likaamua wiki ya 28. Anayetaka tahadhari aiombe kwa namna ya maana: kila mama atakayechanjwa aandikwe, na kila kujifungua kabla ya wakati kufuatiliwe. Tahadhari isiyofanya lolote ni kisingizio kilichovaa koti jeupe.

La tatu litakuwa kwamba akina mama huchelewa kliniki. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mjamzito nchini, asilimia 98, huonwa na mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja, ingawa wanaofikisha mara nne ni asilimia 66. Hayo si mazuri, lakini sindano hii inataka kumkuta mama mara moja tu, katika miezi ya mwisho. Ile ya pepopunda tayari anaipata kwenye chumba hichohicho, kutoka kwa muuguzi huyohuyo, na inaandikwa kwenye kijitabu kilekile cha mama na mtoto. Njia imeshachongwa. Kinachokosekana ni kichupa kwenye jokofu.

Na hapo kwenye jokofu hatutauma maneno. Mwaka 2025 wazazi katika sehemu kadhaa za nchi walirudishwa nyumbani na watoto wachanga kwa sababu chanjo ya kifua kikuu na ya polio zilikuwa zimekwisha. Hizo ni chanjo za zamani na za bei rahisi. Wakati huohuo Gavi inajiondoa polepole, na kabla ya 2030 Kenya inatarajiwa kulipia chanjo zake yenyewe. Serikali iliyoshindwa kuhakikisha chanjo ya kifua kikuu haiwezi kuaminiwa kwa RSV kwa maneno matupu, ndiyo maana hatutaki maneno.

Hukumu yetu basi ni hii. Wizara ya Afya ina hatia ya kuuacha ushahidi wa Kilifi kwenye majarida ya nje kana kwamba uliandikiwa wageni. Hazina ina hatia ya kuwaachia wafadhili kazi ambayo sheria imeiwekea yenyewe. Bunge halitoki hapa safi: kamati yake ya afya ina uwezo wa kuita waziri na kudai hesabu, na kuhusu RSV umma haujaona ikifanya hivyo kwa uzito. Serikali za kaunti hazinunui chanjo, hilo ni la taifa, lakini zahanati ni zao, mitungi ya oksijeni ni yao, na vifaa vya kidoleni vya kupimia oksijeni ni vyao.

Chanjo ya mama iingie katika ratiba ya taifa kwa fungu la bajeti lenye jina lake, lisilofichwa ndani ya "chanjo nyinginezo". Watoto watakaozaliwa kabla mama hajachanjwa, au kabla kinga haijafika, wawekewe mpango wa nirsevimab pindi bei itakapofikika, na mazungumzo ya bei hiyo yaanze sasa. Hospitali teule, angalau moja katika kila eneo kubwa la nchi, Kisumu, Garissa na Nakuru zikiwemo, zipime RSV kwa watoto wanaolazwa na kupeleka sampuli kusomwa uzi mzima, kundi A na B, ili siku protini F itakapobadilika mahali pabaya tujue kabla ya watoto kuanza kufurika wodini. Kazi hiyo iwe chini ya Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Umma na ilipwe kwa kodi ya Wakenya. Wafadhili wakaribishwe kuongezea.

Msimu wa RSV Pwani kwa kawaida huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kusukuma hadi karibu Aprili. Kabla haujaanza tena, waziri afike mbele ya Bunge na majibu ya maandishi: dozi ngapi zimeagizwa, kwa bei gani, fedha zinatoka fungu lipi, maabara zipi zitasoma virusi na nani atalipia vimiminika mwaka wa pili. Asiyekuwa na majibu hayo asipewe muda wa kusoma hotuba.